Mtu wa Nje ya Mji na Namba ya Tarakimu Ishirini

Wanachuo wenzangu, iangalieni kwanza namba hii: 18,446,744,073,709,551,615. Ina tarakimu ishirini. Ukitaka kuisoma kwa sauti utaanza na trilioni milioni kumi na nane na ushee, halafu pumzi itakatika kabla hujafika mwisho. Wengi mnaosoma kompyuta mnaijua, maana ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoenea kwenye nafasi 64 za sifuri na moja. Wachache wanajua kwamba zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kabla ya umeme na kikokotoo, kijana wa miaka 27 hivi aliifikia kwa wino na karatasi bila kukosea hata tarakimu moja. Ni huyo kijana ninayetaka kuwasimulia, kwa sababu maisha yake yananigusa mimi niliyetoka Ikuti, na namba yake ina kazi ya kufanya kwetu hata leo.

Jina lake ni Abu Rayhan Muhammad ibn Ahmad, dunia inamwita Al-Biruni. Alizaliwa Septemba mwaka 973 huko Khwarazm, nchi ya Asia ya Kati ambayo leo sehemu yake kubwa iko Uzbekistani. Mji mkuu uliitwa Kath. Yeye hakutoka katikati ya mji. Inaelezwa kwamba hilo jina Biruni limetokana na neno la Kiajemi lenye maana ya nje, yaani mtu wa pembezoni, wa kule nje ya ukuta. Kwa lugha ya chuoni tungesema ni mtu wa kuja. Sisi tuliotoka wilaya ya Rungwe, tunaoulizwa kila siku Ikuti ni wapi, ikabidi tuanzie Mbeya, tushuke Tukuyu, ndipo tumwelekeze mtu, jina kama hilo tunalielewa vizuri.

Bahati yake ilikuwa mwalimu. Abu Nasr Mansur, mwanahisabati mkubwa na mtu wa ukoo wa watawala, alimpokea na kumfundisha. Akiwa na miaka 17 hivi Biruni alikuwa tayari anapima kimo cha jua la adhuhuri ili kujua mji wa Kath uko latitudo ipi. Kumbuka hapo hakuna simu ya kukuonyesha ulipo. Kuna jua, kipimo cha pembe na uvumilivu.

Kisha vita ikaja. Mwaka 995 watawala wa Gurganj, mji mwingine wa huko huko Khwarazm, waliivamia Kath na ukoo uliokuwa unamlea ukaanguka. Biruni, kijana wa miaka 22, alikimbia. Kwa muda aliishi Rayy, karibu na Tehran ya leo, akiwa hana kitu mfukoni. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba huko alibishana na mtaalamu mmoja wa nyota ambaye alimdharau kwa sababu ya umaskini wake tu, wala si kwa hoja. Hali yake ilipokuja kuwa nzuri, mtu yule yule akawa rafiki mpole. Nadhani kila mwanachuo ambaye bumu lilimchelewea anamfahamu mtaalamu wa aina hiyo.

Hata katika miaka hiyo ya kuhangaika hakuacha kazi. Tarehe 24 Mei 997 mwezi ulipatwa. Biruni alikuwa Kath, na mwenzake Abu al-Wafa alikuwa Baghdad. Walikuwa wamekubaliana kila mmoja aandike saa ya kupatwa kule aliko. Tukio ni moja, lakini saa za miji miwili hazifanani, na dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa. Basi ukijua tofauti ya saa unajua umbali wa miji hiyo miwili kwa longitudo. Watu wawili waliotenganishwa na safari ya wiki nyingi walifanya jaribio moja usiku mmoja. Mimi naliona hilo kuwa kubwa kuliko kazi nyingi za makundi tunazozifanya hapa, ambazo mtu mmoja anaandika na wanane wanaweka majina.

Karibu mwaka 1000 tunamkuta Gurgan, karibu na Bahari ya Kaspi, kwenye baraza la mtawala aliyeitwa Qabus. Huko ndiko alikoandika kitabu chake kikubwa cha kwanza, kuhusu kalenda na nyakati za mataifa ya kale: Waajemi, Wayahudi, Wakristo, Wayunani, Waarabu na wengine. Na humo ndani, katikati ya habari za miaka na miezi, akaweka hesabu ya ubao wa sataranji, mchezo ambao wengi wetu tunauita chesi.

Hadithi yenyewe mnaijua kwa namna moja au nyingine. Mtu aliyebuni mchezo huo aliambiwa na mfalme achague zawadi. Akaomba punje moja ya nafaka kwenye mraba wa kwanza, mbili kwenye wa pili, nne kwenye wa tatu, nane kwenye wa nne, hivyo hivyo kwa kuzidisha mara mbili hadi mraba wa 64. Mfalme akacheka, akaona ombi dogo. Ghala likamwaibisha. Hiyo ni hadithi, na si ya Biruni. Kilicho chake ni njia aliyoeleza ya kuifikia jumla.

Angalieni ujanja wake. Mtu wa kawaida angeongeza mara mbili, mara mbili, hatua 63, halafu ajumlishe yote. Akikosea hatua ya ishirini, zote zinazofuata zimeharibika. Biruni aliona kwamba kuna njia ya mkato. Mraba wa tano una punje 16. Zidisha 16 kwa 16, unapata 256, ambazo ni punje za mraba wa tisa. Zidisha 256 kwa yenyewe, unapata 65,536, mraba wa 17. Zidisha tena hiyo kwa yenyewe, unapata 4,294,967,296, mraba wa 33. Zidisha mara ya mwisho na unaangukia mraba wa 65, ambao kwenye ubao haupo. Sasa toa moja. Hiyo ndiyo jumla ya punje za miraba yote 64. Hatua nne za kuzidisha badala ya 63, na kutoa moja.

Kwa nini kutoa moja? Kwa sababu ya tabia moja ya namba hizi ambayo naomba muishike, nitairudia mbele. Kila mraba una punje moja zaidi ya jumla ya miraba yote iliyoutangulia. Moja na mbili na nne ni saba, mraba unaofuata ni nane. Ongeza nane, jumla 15, unaofuata ni 16. Haikosi kamwe.

Biruni alijua msomaji hataweza kuiona namba ya tarakimu ishirini kwa macho ya akili, kwa hiyo akaipunguza kwa mfano. Fikiria fedha, mifuko ya dirhamu elfu kumi kumi. Kila nyumbu abebe mifuko minane. Nyumbu elfu kumi wawe kundi moja. Makundi elfu moja yawe kwenye bonde la mto mmoja, na mito elfu kumi itoke kwenye mlima mmoja. Bado utahitaji milima 2,305, na kuna mabaki. Mimi nimeifanya hesabu hiyo upya kwa kikokotoo, imekubali.

Kwa watu wa kwetu niiseme kwa mchele, maana Kyela ni jirani zetu hapo chini. Tukikadiria punje 40 za mchele kwa gramu moja, namba ya Biruni ni tani bilioni 461 hivi. Pakia kwenye malori ya tani 30, utahitaji malori zaidi ya bilioni 15. Ni karibu malori mawili kwa kila binadamu aliye hai leo. Na bao letu la Kiswahili, lenye mashimo 32, linachezwa kwa kete 64. Ukimwambia mzee anayecheza bao kwamba kete zake, zikihesabiwa kwa mtindo wa kuzidisha mara mbili, zinaimaliza Kyela yote na dunia nzima juu, atakuangalia mara mbili kabla ya kuendelea kusogeza kete.

Namba hii ina tumbo la kuvutia pia. Kidato cha pili tulifundishwa kwamba ukitoa kipeo cha pili kutoka kipeo cha pili, unaweza kukigawa kuwa tofauti mara jumla. Ukiirudia kanuni hiyo unatembea nyuma kwenye njia ile ile ya Biruni, na namba inapasuka yenyewe kuwa 3 mara 5 mara 17 mara 257 mara 65,537 mara 4,294,967,297. Kila kipande ni moja zaidi ya namba aliyoizidisha kwa yenyewe. Vitano vya kwanza ni namba tasa, yaani havigawanyiki tena. Katika karne ya 17 Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kwamba vyote vya ukoo huo ni tasa, pamoja na cha sita. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba cha sita ni 641 mara 6,700,417. Kwa hiyo namba ya ubao ina vigawo tasa saba, hakuna kinachojirudia. Na hiyo 65,537 bado iko kazini: hutumika sana katika kufunga siri kwenye intaneti, hivyo inawezekana kabisa kwamba leo imekulinda ulipofungua tovuti fulani bila wewe kujua.

Turudi kwa mwenyewe. Mnamo 1004 alikuwa amerudi Khwarazm, akawa mshauri wa mtawala mpya. Katika miaka hiyo ya ujana aliandikiana pia na Ibn Sina, yule tabibu maarufu. Alimtumia maswali kumi na nane kuhusu mafundisho ya Aristotle, na majibu mengine hakuyakubali. Wote wawili walikuwa vijana. Hakuna aliyemuogopa mwenzake.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm. Biruni alichukuliwa, pamoja na mwalimu wake wa zamani, akapelekwa Ghazna, Afghanistani ya leo. Wasomi wanabishana kama tumwite mateka au mtumishi wa baraza. Mimi nasema mtu ambaye hakuchagua kuja na hawezi kuondoka ana jina lake, hata akipewa chakula kizuri. Mwaka 1018 alikuwa eneo la Kabul, hana vifaa vyake, moyo umeinama. Akajitengenezea kipimo cha pembe kwa alichokipata, akaendelea kupima jua.

Mahmud alikuwa anaivamia India kila mara, na Biruni akaandamana na dola hiyo. Wengine waliifuata dhahabu ya mahekalu. Yeye alikwenda kutafuta walimu. Akajifunza Kisanskriti akiwa mtu mzima, akakaa na wataalamu wa Kihindu, akauliza wanahesabu vipi, wanaamini nini, wanapangaje miaka yao. Matokeo yake ni kitabu kuhusu India alichokimaliza karibu mwaka 1030, ambacho kinajitahidi kueleza imani za watu kwa jinsi wao wenyewe wanavyozieleza, bila kuwabeza. Fikiria ugumu wake: anaandika kwa haki kuhusu watu ambao bwana wake anawapiga vita.

Na humo ndani, msishangae, tumo na sisi. Akieleza kwa nini Somnath kwenye pwani ya Gujarat ilipata umaarufu, anasema ilikuwa kituo cha mabaharia waliosafiri kati ya Sofala ya nchi ya Zanj na China. Zanj ndiyo pwani yetu ya Afrika Mashariki, na Sofala iko Msumbiji ya leo. Ni dhahabu ya Sofala ambayo baadaye iliitajirisha Kilwa. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa mbali kabisa na bahari kuu alijua kwamba meli za huku zinafika kule, wakati sisi tunafundishana kana kwamba historia ya pwani ilianza na Vasco da Gama.

Huko huko, kwenye ngome ya Nandana, Pakistani ya leo, aliipima dunia nzima. Kwanza alipima kimo cha mlima kwa pembe. Halafu akapanda juu, akapima upeo wa macho umeshuka kiasi gani chini ya mstari wa usawa. Kwa pembe hiyo ndogo na kimo cha mlima akapata nusu kipenyo cha dunia, karibu sana na kilomita 6,371 tunazozijua leo. Mlima mmoja, mtu mmoja, pembe mbili tatu. Sisi tuliokulia chini ya Mlima Rungwe tumeupanda kwa sababu nyingi, lakini sijasikia aliyepanda ili kuipima dunia.

Mahmud alikufa 1030. Mwanawe Masud alimtendea Biruni kwa heshima zaidi, na yeye akamtungia kitabu kikubwa cha elimu ya nyota. Inasimuliwa kwamba sultani alimtumia tembo mzima aliyebeba fedha kama zawadi, na Biruni akairudisha hazina akisema hana haja nayo. Sina namna ya kuthibitisha tembo huyo. Ninachojua ni kwamba alipofika umri wa miaka 63 alikaa akaorodhesha kazi zake, zikazidi mia moja. Alifariki Ghazna karibu mwaka 1048. Nayo simulizi ya mwisho inasema kwamba mwanasheria mmoja alikwenda kumwona akiwa hoi kitandani, Biruni akamuuliza kuhusu tatizo fulani la mirathi. Yule akashangaa, akaona huu si wakati wake. Biruni akamjibu kwamba ni afadhali kuiaga dunia ukiwa na jibu kuliko kuiaga bila jibu. Mgeni akamweleza, akaondoka, na akiwa njiani akasikia vilio. Leo kuna bonde la mwezini lenye jina lake, upande ule ambao kutoka duniani hatuuoni. Wa nje, hata huko.

Sasa kuna watakaouliza: yote haya ya nini kwa mwanachuo anayewaza sapu na kudisko? Nitajibu kwa mfano wa nyumbani.

Kuna mwaka ulipita Ikuti mpango mmoja, jina lake silitaji. Walikuja watu nadhifu wakazungumza habari ya fursa. Unaweka kiingilio, unaunga watu wawili chini yako, nao kila mmoja anaunga wawili, na pesa inapanda kwako kutoka chini. Mama yangu mdogo aliuza mtamba wake kupata kiingilio. Huyo mtamba alikuwa ndiyo maziwa ya mwaka unaofuata, ndiyo ada ya mdogo wangu. Baada ya miezi kadhaa simu za wale watu zikawa hazipatikani. Pale kijijini watu walisema mama mdogo hakuwa na bahati, au hakuchangamka kutafuta watu. Naye akaamini kwamba kosa ni lake.

Bahati haihusiki hapa. Huu ni ubao wa Biruni. Mtu mmoja juu, wawili chini yake, wanne, wanane. Ukifika safu ya 26 jumla ni watu 67,108,863, na sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Ukifika safu ya 33 umewamaliza wanadamu wote. Kwa hiyo mpango lazima ukatike, na ukikatika, kumbukeni ile tabia niliyowaomba muishike: safu ya mwisho daima ina mtu mmoja zaidi ya wote waliotangulia. Maana yake ni kwamba siku yoyote mpango utakapokufa, zaidi ya nusu ya waliojiunga watakuwa chini kabisa, hawana mtu chini yao, hawajapata hata shilingi. Hata wote wangekuwa wachangamfu, hata wote wangekuwa waaminifu, zaidi ya nusu lazima walie. Uchangamfu wa mama mdogo usingebadilisha chochote zaidi ya kumsogeza yeye juu na kumweka jirani yake mahali pake.

Nilimweleza haya kwa punje za maharage juu ya mkeka, moja, mbili, nne, nane. Tulipofika safu ya saba mkeka ulikuwa umejaa. Aliziangalia muda mrefu, kisha akasema lile jambo kwa maneno yake mwenyewe kwamba kumbe wa mwisho ndio wengi. Hajarudishiwa mtamba, na hatarudishiwa. Lakini wale watu waliporudi na jina jipya la mpango, yeye ndiye aliyeomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji akamwaga maharage mezani.

Mipango hiyo iko hapa chuoni pia, inaingia kwenye makundi ya simu zetu kila bumu linapotoka. Ukiletewa fursa ya kuunga wawili wawili, usibishane na tabia ya aliyekuletea, anaweza kuwa rafiki wa kweli. Chukua karatasi, hesabu safu.